Kihisi cha fedha na majani ya mpera kimegoma: kagua hivi

Swali kuhusu kihisi hiki, yaani karatasi ya njano ya kupimia zebaki kwenye maji, hunijia kwa picha. Chupa imeshikwa mkononi, ndani kuna kitu cheupe kama maji ya mchele, au cheusi tii, au hamna kitu kabisa, na chini ya picha maneno machache: "Kaka, imekuwa hivi. Nimekosea wapi?" Baada ya miaka ya kuosha vyombo vya maabara na kusimamia miradi ya wanafunzi, nimeona kwamba hitilafu ni zilezile, zinapokezana tu. Nimezipanga hapa kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea sana, na usiruke ukaguzi mwepesi ukakimbilia mgumu.

Kwa anayeingia mlango huu leo: tunatengeneza chembe za fedha (madini ya mikufu, siyo pesa) zenye upana wa makumi machache ya nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita, na badala ya kemikali kali tunatumia mchemsho wa majani ya mpera, ambao tanini na flavonoidi zake huigeuza ioni ya fedha (fedha iliyoyeyuka majini, iliyopungukiwa elektroni) kuwa fedha halisi na kuivika chembe koti ili zisishikane. Elektroni za chembe hizo huyumba pamoja zikipigwa na mwanga, na mwanga unaomezwa ni wa zambarau na buluu, karibu na nanomita 400 hadi 450. Kinachobaki, jicho hukiona njano. Tunazipaka kwenye karatasi ya chujio pamoja na kitosani, gundi asilia inayotengenezwa kutokana na magamba ya kamba wa baharini. Tone la maji yenye ioni za zebaki likiangukia hapo, zebaki inanyang'anya fedha elektroni (uwezo wake wa kuvuta elektroni ni volti 0.85, wa fedha 0.80), fedha inarudi kuwa ioni, na njano inapauka. Ndiyo maana mradi huu unapendwa na vijana wa Kanda ya Ziwa, ambako wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki.

Kipimo cha msingi, ili tuongee lugha moja: gramu 10 za majani mabichi yaliyooshwa na kukatwakatwa, mililita 100 za maji yaliyokenekwa, nyuzi 70 hadi 80 kwa dakika 15 au 20, halafu chuja kwa kitambaa na tena kwa karatasi. Nitreti ya fedha: gramu 0.17 kwenye mililita 100 ni milimola 10 kwa lita (mola ni kipimo cha wingi wa kemikali). Chukua mililita 10 za hiyo, jaza maji mpaka 100, una milimola 1. Usijaribu kupima gramu 0.017 moja kwa moja, hata mizani ya sonara haitakufikisha. Changanya sehemu moja ya mchemsho na sehemu tisa za fedha huku unakoroga. Vaa glavu na miwani: nitreti ya fedha ikigusa ngozi huoni kitu, kesho yake vidole ni vyeusi, na ikiingia jichoni si jambo la kusimulia.

WEUPE KAMA MAZIWA MARA TU UKICHANGANYA

Hii ndiyo namba moja, na mara nyingi kosa ni la maji. Weupe huo ni kloridi ya fedha. Fedha na kloridi zikikutana hazisubiri: kwenye mmumunyo wa milimola 1, kwa hesabu, mikrogramu kama 6 tu za kloridi kwa lita zinatosha kuanza kuganda. Maji ya bomba yana maelfu ya kiasi hicho. Maji ya kunywa ya chupa nayo si maji yaliyokenekwa, hata kama lebo ina picha ya mlima wenye theluji.

Uhakiki wa haraka: chukua kijiko cha maji yako matupu, tia tone moja la nitreti ya fedha, tazama juu ya kitambaa cheusi. Ukiona ukungu, umeshampata mwizi. Kama bado una shaka kuhusu ile chupa ya kwanza, iweke juani dakika kumi. Kloridi ya fedha hubadilika ikawa ya kijivu inayoelekea zambarau.

Wengi hununua maji ya betri kwenye maduka ya vipuri. Yanafaa, lakini hakikisha ni maji na siyo tindikali ya betri. Chupa zinafanana na hukaa rafu moja. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba ile isiyo yenyewe, na nilichokiona kwanza ni karatasi ya pH (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni uchachu) kugeuka nyekundu kama pilipili. Pima pH kabla ya kitu kingine. Ikisoma chini ya 4, rudisha dukani.

Maji yakiwa safi, angalia vyombo. Watu husuuza chupa kwa maji ya bomba, wanaikung'uta, wanadhani imekauka. Suuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, chupa ikiwa inadondosha matone kuelekea chini. Jasho la kidole lina chumvi pia, kwa hiyo usizibe mdomo wa chupa kwa dole gumba unapotikisa.

Sababu ya tatu ni malighafi yenyewe. Majani yaliyochumwa karibu na bahari hubeba chumvi juu yake na ndani yake. Yaliyo juu yataoshwa, ya ndani hayatoki. Chuma mbali na pwani au badilisha mti. Na kama unajitengenezea kitosani, magamba ya kamba huoshwa kwa tindikali ya haidrokloriki ili kuondoa chokaa, na usiposuuza hadi maji ya mwisho yapite kipimo cha tone la fedha, kloridi itakufuata hadi kwenye karatasi. Kuna pia kitosani cha dukani kinachoyeyuka kwenye maji matupu bila siki. Hicho mara nyingi ni chumvi ya kloridi. Kwa kazi hii hakifai.

Simama hapa: vitabu vinasema kloridi ya fedha huyeyuka kwenye amonia, na kuna mtu atataka kujaribu "kuokoa" fedha yake. Usifanye. Fedha iliyo kwenye amonia ikiachwa ikae au ikauke hutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Ikiwa tayari umeshachanganya na chupa imelala usiku kucha, usiitikise, usiifungue, usiimwage. Toka, funga mlango, mwite msimamizi wa maabara.

HAKUNA RANGI HATA BAADA YA SAA NZIMA

Kwanza, subira. Mpera kwenye chumba chenye ubaridi wa Iringa si sawa na mpera kwenye chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari. Weka chupa kwenye sufuria ya maji yenye nyuzi 60, mpe nusu saa. Kama rangi inakuja, hukuwa na hitilafu, ulikuwa na baridi.

Isipokuja, shuku mchemsho. Mchemsho uliokaa friji zaidi ya siku chache hupoteza nguvu, na ukinusa harufu ya kuchacha, mwaga. Ulioachwa ukitokota kwa saa nzima nao hauaminiki. Chukua majani mabichi, tengeneza mwingine, rudia kwenye mililita 10 tu, siyo lita.

Kisha fedha. Nitreti ya fedha hukaa kwenye chupa ya kahawia, gizani. Kama mmumunyo wako ulikaa kwenye chupa ya soda dirishani na una vumbi jeusi chini, sehemu ya fedha imeshatoka kabla hujaanza. Jaribu hivi: tone moja la mmumunyo kwenye maji yenye punje ya chumvi ya jikoni. Fedha ikiwepo utaona weupe mzito. Weupe ukiwa hafifu, tengeneza upya.

Sababu ya chini kabisa ni pH. Mchemsho wenye uchachu hufanya kazi polepole. Ukiupandisha hadi karibu 8 mambo huchangamka. Tumia hidroksidi ya sodiamu nyepesi, tone kwa tone, ndani ya mchemsho, KABLA ya kuongeza fedha. Ukiidondoshea fedha moja kwa moja unapata oksidi ya fedha, mashapo ya kahawia ambayo kwa mbali yanaonekana kama umefanikiwa. Nimeshapongeza chupa ya namna hiyo mbele ya darasa, bado nakumbuka. Na tafadhali, siyo magadi ya dukani: yana chumvi ndani yake, utarudi kwenye maziwa.

RANGI IMEKUJA PAPO HAPO, UNAFURAHI

Usifurahi bado. Mchemsho wa mpera wenyewe ni wa rangi ya chai. Ukimimina sehemu moja kwenye sehemu tisa za kitu chochote, utaona umanjano. Tengeneza chupa ya pili: mchemsho uleule, kiasi kilekile, lakini weka maji mahali pa fedha. Ziweke pamoja juu ya karatasi nyeupe. Chupa ya fedha ndiyo inayotakiwa kuendelea kukolea; ya maji itabaki palepale. Chupa hii ya pili tuiite shahidi. Utaihitaji mpaka mwisho wa mwongozo huu, na asiye nayo sina namna ya kumsaidia kwa picha ya simu.

IMEKUWA NYEUSI, INA MASHAPO, AU CHUPA IMEPATA KIOO

Chembe zimeshikana. Kwa kawaida ni joto au pH iliyozidi: fedha imezaliwa haraka kuliko koti la kuivika. Punguza joto hadi la chumba, pH isizidi 8, na mimina mchemsho polepole huku unakoroga mfululizo. Anayemimina kwa mkupuo na kukoroga baadaye anapata chembe za kila ukubwa.

Baada ya hapo uliza ulihifadhi wapi. Friji ni sawa, friza hapana. Barafu ikijiunda inazisukuma chembe pamoja mpaka zigandane, na zikiyeyushwa hazitengani tena hata utikise mpaka mkono uchoke. Mashapo ya namna hii hayaokolewi, anza upya.

Kama ukuta wa ndani wa chupa umepata utando unaong'aa kama kioo cha kujitazamia, chupa ilikuwa na mikwaruzo au uchafu, na fedha imeota pale. Utando huo ukibaki, kila utengenezaji unaofuata utaharibika palepale. Unatoka kwa tindikali ya naitriki. Simama hapa kama huna kabati la kufyonzea hewa na mtu aliyezoea kazi hiyo. Chupa ya jemu ni bei rahisi, itupe na utafute nyingine. Na ukisikia mtu anashauri tindikali ya naitriki pamoja na ya haidrokloriki "ili ing'ae kabisa", huo mchanganyiko unayeyusha dhahabu, unatoa gesi ya klorini, na ukifungwa kwenye chupa unaipasua. Kwa fedha hata haufai, unaacha kloridi.

Kuna wanaoniletea chupa isiyo na mashapo lakini wana wasiwasi: ukiitazama kwa mbele ni ya kijivu yenye ukijani, ukiiinua dirishani ni ya kahawia. Hiyo haijaharibika. Chembe zimekuwa kubwa kidogo, zinarudisha mwanga wa rangi moja na kupitisha wa nyingine. Kikombe cha Lycurgus, kioo cha Warumi cha karne ya 4 kilichoko British Museum, hufanya mchezo huohuo: kijani ukikitazama, chekundu ukiweka taa ndani yake, kwa sababu ya vumbi la dhahabu na fedha lililo ndani ya kioo. Kwa kihisi, hata hivyo, chembe ndogo ni bora, kwa hiyo wakati ujao punguza joto.

MASHINE YA SPEKTRA INATOA MLIMA ULIOKATWA KICHWA

Mashine hii hupima mwanga unaomezwa katika kila rangi na kuuchora kama mlima. Kilele kikiwa bapa, mmumunyo ni mzito mno. Usomaji ukipita 2, mwanga unaofika upande wa pili ni chini ya asilimia 1, na mashine nyingi za shule na vyuo zinabahatisha tu. Ongeza maji mara tano au kumi, soma tena.

Mlima ukiwa karibu na nanomita 370 peke yake, unapima flavonoidi za majani, siyo fedha. Sifuri ya mashine ichukuliwe kwa yule shahidi aliyepunguzwa kwa kiwango kilekile. Wengi huchukua sifuri kwa maji matupu, halafu wanaandika ripoti nzima kuhusu chai. Mlima mpana wenye bega kuanzia 500 kwenda juu maana yake kuna chembe zilizoshikana. Rudi kwenye sehemu iliyotangulia. Na futa alama za vidole kwenye kijichupa cha kupimia kabla hujailaumu mashine.

KITOSANI KINA MABONGE, KARATASI INA PETE

Kitosani huyeyuka kwenye uchachu tu. pH ikipanda juu ya 6.5 kinajitenga na kuwa nyuzi kama za yai lililotiwa kwenye supu. Gramu 1 kwenye mililita 100 za asidi ya asetiki ya asilimia 1. Siki nyeupe ya asilimia 5, sehemu moja kwa nne za maji, inatosha. Siki ya kahawia hapana. Koroga, acha ilale usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Kama ulipandisha pH ya fedha kwa hidroksidi, ishushe kwa tone la siki kabla hujaunganisha vitu hivi viwili.

Pete ni ile ya kikombe cha kahawa mezani: tone hukauka haraka pembezoni, linavuta chembe kule, na katikati panabaki weupe. Badala ya kudondosha, chovya karatasi nzima, iinue, ikaushe ikiwa imelala juu ya wavu kivulini. Halafu ndipo uikate vidoti kwa mashine ya kutoboa karatasi ya ofisini. Kwa tone la sampuli, bomba la sindano la insulini la mililita 1 lenye alama 100 ni pipeti ya maskini: alama moja ni mikrolita 10. Linda vidole vyako na ile sindano.

Rangi ikitoka na maji, kitosani ni chepesi au karatasi haijakauka vizuri. Karatasi ya fotokopi usitumie, imejazwa chokaa. Ukiona ukungu wa fangasi, tupa, kausha zaidi safari ijayo, tunza kwenye bahasha ndani ya kopo lenye kifuniko.

KARATASI INAPAUKA KWA KILA KITU

Hapa ndipo miradi mingi inapofia, tena mbele ya majaji. Njano imepauka kwenye maji ya mto, shangwe, "tumegundua zebaki". Halafu mtu mmoja anadondosha maji ya bomba ya ukumbini, nayo yanapausha.

Fedha hainyang'anywi elektroni na zebaki peke yake. Klorini ya kutibia maji inafanya hivyo. Haidrojeni peroksaidi inafanya hivyo. Anza na klorini: vile vijikaratasi vya kupimia mabwawa ya kuogelea vinakuambia ndani ya dakika moja. Klorini ikiwepo, kihisi hiki hakina la kusema kuhusu maji hayo. Usijaribu kuiondoa kwa dawa za kuondolea klorini zenye thiosalfeti, kwa sababu zenyewe zinaifunga zebaki na kuiyeyusha fedha. Utapata majibu, ila hayatakuwa majibu ya swali lako.

Kagua pia kama hata maji yaliyokenekwa yanapausha. Kama ndiyo, tatizo ni la kulowa tu: rangi inatawanyika au inaoshwa. Kila karatasi ya kipimo iwe na dada zake wawili, mmoja wa maji yaliyokenekwa na mmoja mkavu. Na sampuli yenye tindikali nayo huharibu koti la chembe, hivyo pima pH.

Maji ya bahari usiyajaribu kabisa. Chumvi yake inazishikanisha chembe na kuzigeuza kloridi. Mwanafunzi wa Tanga au Mombasa anayetaka kupima mkoko achague kihisi kingine.

KARATASI HAIPAUKI, AU INAKUWA NYEUSI

Kabla ya kulaumu sampuli, thibitisha karatasi iko hai. Nenda duka la dawa, nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, dondosha tone moja, mpe robo saa. Ikipauka, chembe zinafanya kazi. Isipopauka, karatasi ni ya zamani au koti la chembe ni nene mno kwa sababu ya mchemsho au kitosani kilichozidi. Kipimo hiki hakithibitishi kwamba kihisi kinaitambua zebaki. Kinathibitisha tu kwamba fedha inaweza kuguswa. Lakini kinakuepusha na jambo ambalo nalipinga kwa nguvu zote.

Simama hapa: usinunue zebaki kwa mchimbaji ili kujaribia karatasi yako. Zebaki ya kimiminika siyo hata umbo ambalo kihisi hiki kinaliona, kwani kinachotakiwa ni ioni zilizoyeyuka. Nayo hutoa mvuke bila harufu kwenye joto la chumba. Mmumunyo wa ioni za zebaki wa kulinganishia utengenezwe na mkemia, kwenye maabara yenye leseni na chombo cha taka zake. Zebaki ikimwagika chumbani, usifagie na usitumie mashine ya kunyonya vumbi: toa watu, fungua madirisha, ita wanaohusika.

Karatasi ikigeuka ya kahawia nzito au nyeusi badala ya kupauka, nusa sampuli. Harufu ya yai bovu maana yake kuna salfaidi, ambayo inaipaka fedha weusi uleule unaoujua kwenye mikufu ya bibi. Tope la kinamasi lina salfaidi ya kutosha. Na maji ya rangi ya chai yanayotoka kwenye mafunjo yana mabaki ya mimea yanayoikumbatia zebaki, kwa hiyo inaweza kuwepo na karatasi isiione.

SIMU INATOA NAMBA TOFAUTI KILA UKIPIGA PICHA

Wengi husoma rangi ya kidoti kwa kamera ya simu, lakini simu yako inajaribu kukupendezesha. Inarekebisha weupe, inaongeza mwanga, inalainisha. Saa mbili asubuhi karatasi ni njano, saa kumi na moja jioni karatasi ileile ni ya chungwa.

Chukua boksi la viatu, libandike karatasi nyeupe ndani, toboa tundu la kamera juu, weka taa nyeupe ya LED mahali pamoja pasipobadilika. Zima mmweko, funga fokasi na mwangaza kwenye mpangilio wa mkono, na katika kila picha weka kipande cha karatasi nyeupe kando ya kidoti. Halafu soma chaneli ya buluu, yaani namba ya buluu pekee ndani ya picha, siyo wastani wa rangi zote. Kitu cha njano kinameza buluu, kwa hiyo njano ikipauka, buluu ndiyo inayopanda wazi. Nyekundu itakaa karibu palepale. Gawanya buluu ya kidoti kwa buluu ya ile karatasi nyeupe. Namba zitatulia kuliko ulivyotegemea. Zikiendelea kuyumba, linganisha vidoti vitatu vya karatasi moja kabla hujagusa programu: mara nyingi karatasi yenyewe haikupakwa sawasawa.

"HAIKUPAUKA. JE, MAJI NI SALAMA?"

Swali hili siyo hitilafu, ila linaulizwa kuliko yote, kwa hiyo tufanye hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa zebaki isokaboni (isiyoungana na kaboni) kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita. Karatasi ya kutengeneza kwa mkono ikijitahidi sana inaweza kuona mikromola 1. Mikromola 1 ya zebaki ni mikrogramu 200 kwa lita, zaidi ya mara 30 ya kiwango hicho. Maji yanaweza kuwa na zebaki mara kumi ya inayoruhusiwa na karatasi yako ikabaki njano, bila aibu.

Halafu kwenye maeneo ya uchimbaji zebaki nyingi haipo majini kama ioni. Iko kwenye tope na mchanga wa mabaki, iko hewani pale mchanganyiko wa dhahabu unapochomwa, na iko ndani ya samaki kama methili zebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni. Ukichuja maji ili yasiwe na tope, umeshaitoa iliyoshikamana na udongo kabla ya kupima. Kwa hiyo ukisimama kijijini na kidoti cha njano mkononi, usimwambie mama aliyeshika ndoo kwamba anywe. Na kikipauka, usitangaze pia, kwa yale tuliyoyaona kuhusu klorini.

Kama kuna sababu ya kweli ya kushuku chanzo cha maji, kazi hiyo si ya karatasi. Tanzania nenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana maabara ya kanda pale Mwanza; Kenya nako iko idara ya Mkemia wa Serikali. Omba chupa kwao kabla ya kuchukua sampuli. Chupa za kawaida za plastiki huipoteza zebaki wakati maji yanasubiri, ndiyo maana maabara hutoa chupa maalumu yenye tindikali kidogo ndani. Usiisuuze hiyo chupa.

Taka za fedha zikusanye kwenye dumu moja lenye lebo, tia chumvi mpaka weupe usiongezeke, acha itulie, na peleka mashapo maabara. Fedha huua viumbe wadogo wa majini hata ikiwa kidogo. Dumu la amonia na dumu la fedha yasikae rafu moja, na karatasi zilizowahi kuguswa na zebaki ya kweli ziwe na chombo chake peke yake, chenye kifuniko.